Salamu ya Tatu kwa Mashine ya Kibondo

Siku ng'ombe mwekundu wa baba mdogo alipotumbukia kwenye shimo la wachoma matofali, mimi ndiye niliyetumwa kupeleka habari. Ndevu nilikuwa nazo tayari, na miguu ya kukimbia. Tulikaa juu huko Munanila, mahali ambapo ukitema mate na upepo ukakusaidia yanaangukia Burundi. Baba mdogo alikuwa ng'ambo ya bonde la pili, kwa wakwe zake. Nikashuka, nikapanda, nikashuka tena, nikapanda tena, nikamkuta amekaa uani na baba mkwe wake, pombe ya ndizi katikati yao.

Mtu wa mahali pengine angepiga kelele tangu kwenye migomba: ng'ombe yuko shimoni! Kwetu sivyo. Nilipunguza mwendo, nikafuta jasho, nikachuchumaa, nikapiga makofi ya taratibu.

“Mwakeye,” nikasema.

“Mwakeye. Nyumbani hawajambo?”

“Hawajambo.”

“Mama yako mguu wake?”

“Unaendelea vizuri.”

“Na mvua?”

“Tunaipata.”

“Na ng'ombe?”

“Wazima,” nikasema, na yule mwekundu nilimwacha shimoni hadi shingoni.

Akaninywesha pombe. Akaanza upya, mara ya pili, akaulizia majirani na maharage. Nikajibu vyote ni vizuri. Ndipo akaja mara ya tatu, akaegemea mbele kidogo, akauliza, “Na habari nyingine?”

“Nyingine hakuna. Ila yule mwekundu yuko shimoni.”

Hakunikaripia. Alimgeukia baba mkwe wake akasema, “Umeona kijana aliyelelewa?” Kisha akatoka mbio, nikamwona mgongo tu mpaka tunafika. Ng'ombe tulimkuta anacheua, amejaziwa majani ya migomba humo shimoni na akina mama waliomhurumia. Ilibidi apigwe ndipo akubali kutoka.

Ndivyo tulivyo. Ubaya haupiti mlangoni kabla ya wema. Salamu ya kwanza ni ya heshima, ya pili ni ya kupumzisha miguu, ya tatu ndiyo yenye habari. Nimeanza huko mbali kwa sababu bila hilo hamtaelewa tulichokifanya mimi na Mama Karani kwa kompyuta ya Kibondo.

Shule niliacha darasa la tatu. Wenzangu husingizia umaskini. Mimi niliacha kwa uvivu, na baba alikuwa na kazi za kutosha za kuwapa wavivu. Kuandika nimejifunzia kwenye kitabu cha safari cha gari: umetoka wapi, umefika wapi, mafuta lita ngapi, sahihi. Kwa hiyo mkiona sentensi zangu zinatoka mahali na kufika mahali, ni kwa sababu ya kitabu kile. Zikipotea katikati ni zangu mwenyewe.

Miaka ya tisini, wakimbizi walipokuwa wengi, mashirika nayo yakawa mengi, na aliyejua kushika usukani kwenye tope hakulala njaa. Niliendesha pikapu nyeupe ya shirika moja, Kasulu kwenda Kibondo, Kibondo kurudi Kasulu, kupitia Makere. Nilibeba sabuni, madumu, wauguzi, mbuzi wa mkubwa mmoja ambaye simtaji. Na kila mwezi nilibeba bahasha ngumu ya kaki yenye disketi ndani, nikaiweka kwenye kiti cha pembeni kama abiria mgonjwa, maana niliambiwa isipigwe na jua, isikunjwe, isikaribie spika za redio. Mke wangu alisema mimba zake zote hazikuwahi kupata safari kama ile.

Ndani ya disketi kulikuwa na vitu viwili. Kwanza, orodha ya wenye kadi za chakula, watu wa kambi za upande wa Kibondo. Pili, kitu ambacho kijana wa ofisi ya Kasulu alikiita maktaba. Kijana huyo tulimwita Bwana Mtaalamu. Alikuwa ametoka Kaskazini, msomi, mwembamba, hanywi chai bila maziwa. Maktaba yenyewe haikuwa nyumba ya vitabu. Ilikuwa fungu la maagizo yaliyokwisha kuandikwa: namna ya kutafuta jina, namna ya kupanga majina, namna ya kuyapeleka kwenye karatasi. Programu ya orodha haikujua kufanya lolote kati ya hayo. Ilikwenda kuazima kwenye maktaba, kama bibi harusi anavyoazima sufuria kwa majirani.

Kibondo kulikuwa na mashine moja tu, kongwe, imegeuka rangi ya jino la mvuta kiko. Haikuwa na nafasi ya kutosha kichwani. Karani wake, ndiye huyo Mama Karani, alikuwa mama mmoja mjane, mnene, wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi zamani yeye akiwa mgongoni. Alisoma mpaka la saba, na kompyuta alifundishwa wiki mbili na mzungu aliyekuwa na haraka. Lakini ile mashine aliijua. Aliifunika kwa kitenge. Jenereta ikiwashwa aliisikiliza ikiamka, akasema leo ina kifua, tusubiri, na kweli ukisubiri inapona. Aliwasomesha watoto wanne kwa kiti kile. Nilimpenda kama dada. Aliniita kaka dereva na kunitunzia viazi vya kuchemsha ndani ya droo ya disketi, jambo ambalo Bwana Mtaalamu hajalijua mpaka leo.

Sasa, mwaka mmoja Kasulu walipata mashine mpya, na pamoja nazo toleo jipya la lugha. Maana kompyuta nazo zina lugha, na lugha hiyo hutolewa upya kila baada ya muda, ikiongezewa maneno. Bwana Mtaalamu alifurahi kama mtu aliyepata jembe jipya. Akaiandika maktaba yake upya yote, kwa maneno mapya. Nikaibeba. Nikafika Kibondo saa sita, jenereta inanguruma, Mama Karani akaisukuma disketi ndani. Mashine ikafikiri, ikakohoa, ikaandika mstari mmoja wa Kiingereza ikanyamaza.

“Inasema nini?” nikauliza.

“Inasema kuna neno haijawahi kulisikia.”

“Ijaribu tena.”

“Kaka, mtu asiyejua Kihaya ukimrudia Kihaya atakijua?”

Akaitoa. Akarudisha disketi ya zamani yenye maktaba ya zamani na orodha ya mwezi uliopita, akachapa hiyo, na wageni waliokuja mwezi ule akawaongeza chini kwa taipureta. Watu wakapata unga wao siku ileile. Hakuna aliyelala njaa na hakuna aliyejua.

Kila asubuhi saa tatu kulikuwa na redio ya upepo. Ofisi zote zilisikilizana kwenye masafa yaleyale, na kila moja ilipewa dakika mbili. Nilikuwepo asubuhi hiyo, nakunywa uji.

“Kibondo, Kibondo, hapa Kasulu,” sauti ya Bwana Mtaalamu ikaja na mikwaruzo. “Habari za mashine na toleo jipya? Over.”

“Nzuri,” akasema Mama Karani. “Over.”

Alikuwa anangoja aulizwe mara ya pili, na ya tatu.

“Safi sana. Out.”

Ikazimika. Mama Karani akabaki ameshika kile kidude cha kusemea, anakitazama.

“Mbona hakuniuliza habari nyingine?” akaniuliza mimi.

Mwezi wa pili ikawa hivyohivyo. Wa tatu pia. Na hapa lazima niseme kweli: kila niliporudi Kasulu Bwana Mtaalamu aliniuliza, “Mzee, Kibondo kwema?” nami nikajibu, “Kwema kabisa.” Naye akaenda zake. Nilijua. Lakini habari ile haikuwa yangu, ilikuwa ya Mama Karani, na yule kijana hakuwahi kufika hata salamu ya pili. Kwao wanasalimiana kama watu wanaopishana kwenye ngazi. Mimi nilimwona hana malezi, yeye alituona watu wa shwari.

Kwa kuwa Kibondo kulikuwa kwema kwa miezi mitatu, Kasulu wakafanya uamuzi wao. Toleo la zamani likafutwa. Mtaalamu akatupa nakala zake zote za maktaba ya zamani, maana nani anazitumia? Halafu ukaja waraka: mwezi ujao kadi zote zibadilishwe, orodha zote zichapwe upya kwa mtindo mpya, na za zamani zichomwe moto. Chini yake mkubwa aliongeza kwa mkono wake kwamba ofisi itakayoshindwa kuchapa, kazi yake itahamia Kasulu na karani wake atapunguzwa.

Niliubeba waraka huo mwenyewe. Mama Karani aliusoma mara mbili, akakunja kitenge cha mashine mapajani mwake.

“Kwa taipureta siwezi,” akasema. “Ni kambi nzima hiyo, kaka. Nitapiga mpaka vidole vibaki kwenye vitufe.”

“Waambie.”

“Niwaambie nini sasa? Kwamba nilisema nzuri mara tatu?”

Viazi vya siku hiyo vilibaki kwenye droo.

Sasa nimlete Mkongo. Wakati huo wengine walisema bado Mzaire. Nchi yake ilikuwa inabadilisha jina naye akiwa njiani. Alikuwa kambini upande wa Makere, na alipewa kibali cha kwenda Kibondo hospitali kutafsiri kwa ajili ya wagonjwa wa kwao. Nilimchukua barabarani mara nyingi. Kwenye vumbi lile jekundu alivaa koti na tai, na mkoba wa ngozi ambao ndani yake, niliwahi kuchungulia, kulikuwa na kitana, Biblia na ndizi. Viatu vyake vilikuwa vimefunguka mbele; alitembea kama mtu mwenye mamba wawili miguuni.

Siku hiyo ya waraka alikuja kunitafuta apate usafiri wa kurudi, akanikuta kwa Mama Karani. Akachungulia dirishani, akaiona mashine, akapiga kofi.

“Oh, mama! Ile machini! Mi nilitumika nayo miaka kumi, ku banki, kule Uvira!” Akaingia bila kukaribishwa, akaigusa kichwani kama mtoto. “Iko nagonjwa?”

“Haiumwi,” Mama Karani akasema. “Imeletewa maneno isiyoyajua.”

“Onyesha.”

Ikaonyesha ule mstari wake wa Kiingereza. Mkongo akavuta kiti, akafungua maktaba ya Bwana Mtaalamu ikaonekana mistari kwa mistari kwenye kioo, akaipitia kwa kidole huku midomo ikicheza. Jenereta ilikuwa na masaa yake, saa sita mpaka kumi, na dizeli ilipimwa, kwa hiyo alifanya haraka. Mwisho akacheka.

“Papa Shofere, kuya hapa. Unaona hii neno? Kazi yake ni kuondosha nafasi ya bure ku jina. Mbele na nyuma, mara moja. Machini ya zamani haina hii neno.”

“Basi ndiyo imekwisha,” nikasema.

“Non. Iko na neno ya kuondosha mbele. Na iko na neno ingine ya kuondosha nyuma.” Akanitazama. “We ulilima?”

“Nimezaliwa shambani.”

“Mutu akikupa panga ya kukata ngambo mbili, na mwingine akikupa ya kukata ngambo moja tu, majani itabaki?”

Nikafikiri. “Hayatabaki. Nitageuka tu.”

“Voilà! Utageuka tu.”

Ikawa hivyo. Maneno mapya yalikuwa matano katika maktaba nzima, na kila moja ukilivua nguo lilikuwa maneno mawili matatu ya zamani. Mkongo akaandika faili dogo, ukurasa mmoja, akaifundisha mashine: ukiulizwa neno hili, fanya hivi halafu vile. Nilidhani hapo pamekwisha, nikainuka niende kuwasha gari. Mama Karani alikuwa mwerevu kuliko mimi.

“Na mwezi ujao akileta maneno mengine?” akauliza.

“Hapo, mama, nitakuwa nimekudanganya,” akasema Mkongo. “Dawa iko ku Kasulu. Ule kijana aandike maktaba yake ianze kwa kuuliza: wewe ni toleo gani? Kama ni mupya, endelea. Kama ni mzee, ita kwanza hii karatasi yangu, halafu endelea. Machini inasalimiwa kwanza. Lakini lazima ajue kama mzee iko hai.”

Wote wawili wakanitazama mimi, nami nikatazama tairi la gari dirishani.

Usiku ule nililala Kibondo, na asubuhi saa tatu nilikuwa pale na uji wangu. Mama Karani alivaa gauni la kanisani. Alikaa mbele ya redio amenyoosha shingo. Ofisi zote zilikuwa hewani. Wa Kigoma walikuwa wamemaliza kulalamikia mahema.

“Kibondo, Kibondo, habari za mashine? Over.”

Akavuta pumzi. Nami nikamwona anaruka salamu zote za mababu zake kama mtu anayeruka mtaro.

“Mbaya,” akasema. “Mbaya tangu mwezi wa kwanza. Toleo jipya halijawahi kufanya kazi hapa hata siku moja. Nilisema nzuri nikingoja uniulize tena, na wewe huulizi. Over.”

Masafa yote yakanyamaza. Nimewahi kusikia radi ikiua redio, lakini haikuwa kimya namna ile. Mwisho mtu asiyejulikana, wa ofisi gani sijui, akasema taratibu, “Duh. Over.”

Bwana Mtaalamu hakujibu kwa redio. Aliniagiza nikamchukue. Baada ya Makere akaanza.

“Mzee, na wewe ulijua?”

“Nilijua.”

“Nilikuuliza kila mwezi!”

“Uliuliza mara moja moja.”

“Kwani unataka kuulizwa mara ngapi?”

“Tatu.”

Akanitazama aone kama namtania. Sikuwa namtania. Nikamweleza habari ya ng'ombe mwekundu, tangu Munanila mpaka shimoni, na kwa kuwa barabara ilikuwa mbaya nilikuwa na muda wa kumweleza vizuri. Nilipofika kwa ng'ombe anacheua, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akakunja uso.

Kibondo alimkuta Mkongo amekaa kwenye kiti na tai yake. Hawakupendana. Mtaalamu alisema hana kazi ya kubeba vikongwe mgongoni. Lugha inakwenda mbele, na kila neno la zamani unalolitunza linakuchelewesha, na mashine hii ingekuwa imetupwa zamani. Alisema vizuri, kama anahubiri.

Mkongo alimsikiliza mpaka mwisho. “Kwetu,” akasema, “mutu akioa, hafukuzi mama yake ku nyumba.”

“Hii si mama yangu.”

“Lakini iko mama ya maktaba yako. Hii mistari ya kupanga majina uliandika mwaka gani?”

Mtaalamu akainama akatazama. Ilikuwa mistari yake mwenyewe, ya zamani, aliyoiandika akiwa mgeni kazini, na hakuwahi kuibadilisha kwa sababu ilikuwa mizuri.

“Hiyo ilikuwa…” akasema, akakaa. “Nilikuwa na mashine kama hii hii. Wiki mbili nilihangaika na hiyo mistari.”

“Iko mizuri,” Mkongo akasema. “Mi sikuigusa.”

Mama Karani aliona mlango umefunguka, akapenyeza viazi. Tangu hapo walikuwa watu wawili wenye ugonjwa mmoja. Walibishana kwa furaha, huyu Kiswahili cha shule na yule cha kwao, na Kifaransa na Kiingereza vikipigana katikati. Mkongo alitaka maktaba iulize toleo mara moja tu, mlangoni. Mtaalamu alitaka iulize kila neno, kama unalijua au hulijui, maana alisema mashine huweza kudanganya kuhusu umri wake.

“Sawa vile wanawake,” akasema Mkongo.

“Sawa vile wanaume wa Kongo,” akasema Mama Karani, na hapo jenereta ikazimwa, ilikuwa saa kumi.

Siku ya pili, saa saba mchana, printa ilianza. Aliyewahi kusikia printa ile ataijua: kama mtu anayepasua khanga mpya, anapumzika, anapasua tena. Karatasi zenye matundu pembeni zikatoka, majina yale marefu ya Kirundi yamepangwa kwa mtindo mpya, hakuna nafasi ya bure mbele wala nyuma. Zikashuka mezani, zikajikunja sakafuni, zikaenda mpaka mlangoni. Mama Karani alisimama katikati yake kama mtu aliyeingia mtoni na nguo. Alichukua kile kitenge akajifuta uso, akaona ana vumbi la mashine usoni, akacheka mpaka akashika meza.

Na hapo Mtaalamu akatunga utaratibu, nampa sifa yake. Kasulu kulikuwa na mashine nyingine ya umri uleule, ikitumika kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Akairudisha mezani. Hakuna disketi iliyotoka Kasulu tena kabla ya kujaribiwa kwanza kwa huyo kikongwe. Na mimi nikapewa agizo langu kwenye kitabu cha safari: dereva asirudi kutoka Kibondo na neno, arudi na karatasi iliyochapwa. Ukiniuliza habari za Kibondo ningeweza kusema nzuri mpaka kesho, lakini karatasi haina adabu, ama ipo ama haipo. Mlango wa stoo ukawekewa jiwe.

Ningependa kuishia hapo, kwenye karatasi. Lakini nilisema nitakuwa mkweli.

Tulirudi na Mtaalamu Kasulu, Mkongo akabaki Kibondo siku mbili hospitali. Njiani Mtaalamu alikuwa na furaha, anapiga magoti yake kama ngoma.

“Mzee, yule jamaa ni hazina,” akasema. “Nimeshamaliza. Namwombea kibali kwa mkubwa akae Kibondo moja kwa moja. Kiti kile ni chake. Mtu anayeelewa ndani ya mashine, si wa kubonyeza vitufe tu.”

“Na Mama Karani?”

“Atatafutiwa kitu. Jikoni, au usafi.” Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayehamisha sufuria kutoka figa moja kwenda jingine. “Usimwambie mtu kwanza.”

Nilimjibu, “Haya.” Haya si ahadi. Haya ni kelele tu ya mdomo.

Mwezi uliofuata nilikwenda Kibondo na bahasha. Karatasi zikaanza kuchapwa, Mama Karani akanipa viazi, anaimba. Alikuwa amemshonea mtoto wake wa mwisho shati la shule. Hakujua kitu. Nje nilimkuta Mkongo, amekuja tena hospitali, amekaa kwenye ngazi za ofisi amevua kiatu kimoja, anakitazama mdomo wake. Nikakaa. Nilikuwa na habari, na safari hii ilikuwa yangu.

“Habari za hospitali?” nikaanza.

“Iko muzuri, Papa Shofere. Na Kasulu?”

“Kuzuri. Kijana anakusalimu.”

“Na barabara?”

“Imekauka.”

Nikaanza upya, mara ya pili: kiatu, wagonjwa, ndugu zake waliobaki ng'ambo ya ziwa. Alijibu yote ni mazuri, hata yale niliyojua kwamba si mazuri. Tulisikia Mama Karani ndani anaimba na printa inapasua khanga. Mkongo alikuwa amejifunza kwetu; aliegemea mbele kidogo.

“Na habari ingine?”

“Nyingine hakuna,” nikasema. “Ila wanataka kukupa kiti cha Mama.”

Alikaa na kiatu mkononi. Akageuka akatazama dirishani: kitenge kilichokunjwa vizuri, mgongo mpana wa Mama Karani, droo imefunguka kidogo. Alitazama kwa muda ambao mtu angeweza kumaliza kiazi.

“Ni kiti ya muzuri,” akasema. “Ina mgongo.”

“Ina mgongo.”

“Kule banki nilikuwa na ya vile.” Akavaa kiatu, akafunga kamba akaizungusha mara mbili chini ya soli. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi nne alizoandika kwa mkono, herufi ndogo zilizonyooka: maneno matano mapya na jinsi ya kuyageuza, na mbele yake nafasi tupu, juu imeandikwa: ya maneno yatakayokuja. “Hii ni ya Mama. Kama neno mupya inakuya, aandike hapa, atafute ya zamani mbili, ageuke tu. Atajua. Anajua kupita ule kijana.”

“Si umpe mwenyewe?”

“Niko nakwenda ku fundi wa viatu. Nitarudi.”

Akaninyooshea mkono, akanishika vizuri, na kwa Kiha alichookota hapa na pale akanisalimu upya, makofi ya taratibu na yote, saa nane ya mchana, kama tumekutana sasa hivi. Nikajibu zote. Kisha akanyoosha tai, akashika mkoba, akatoka getini na mamba wake wawili, akampita fundi wa viatu aliyekuwa amekaa palepale chini ya bati lake, akashika barabara ya Makere bila kugeuka, na hakurudi.